Muulize Mjomba Fundi: Mkono wa baba unatetemeka, simu inaweza kuupima?

Mwezi huu mikono inayotetemeka imenijaa mezani. Sijui ni vile mmegundua mjomba wenu alikaa miaka mingi akitengeneza mashine za hospitali au ni nini, lakini karibu nusu ya barua na meseji zilizoingia ni habari hiyo hiyo. Kabla sijaanza, mimi ni fundi wa vifaa tiba mstaafu, sio daktari, kwahiyo nikikwambia nenda hospitali usinune. Na hivi vidude vinavyopima mwendo ntaviita vihisio, maana nikisema sensa kuna watu watadhani tunahesabiwa tena kama 2022.

Huyu kijana wa kwanza nilimjibu kwa simu zamani kidogo, akarudi tena na maswali mengine, nimeyaweka pamoja ili mfuate stori vizuri.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni kijana wa Ngamiani, barabara ya 12. Baba yangu ana miaka 66, ni fundi cherehani, kanzu za watu wengi hapa Tanga zimepita mkononi mwake. Kama mwaka na nusu hivi mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, alaf cha ajabu akiwa anashona hautetemeki, unatetemeka akiwa amekaa zake barazani jioni anasubiri kahawa, mkono uko juu ya paja unacheza wenyewe, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama anahesabu tasbihi na tasbihi hana. Akishika kikombe unatulia. Baba mdogo anasema ni jini la baharini, tumesoma, tumetoa sadaka, bado. Jirani anasema uzee tu huo. Nikampeleka kituo cha afya, foleni ndefu, tumefika kwa daktari mkono umetulia tuli, daktari kaangalia dakika mbili kasema mzee yuko sawa. Iliniuma kwakweli. Sasa nimesikia simu zina kitu ndani kinachopima mtikisiko, unampima mgonjwa nyumbani inatoa namba. Ni kweli? Na namba ngapi ndo Pakinson? Simu yangu ni Android ya kawaida tu. *Mtoto wa Fundi, Ngamiani*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kweli, simu inaweza kupima. Ila hilo swali lako la mwisho ndo lenye mtego, hakuna namba ambayo ikitokea tu basi ni Pakinson, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaoleta uzito, ugumu na mara nyingi mtetemeko.

Mtetemeko una vitu viwili vya kupima. Kuna kasi, yaani mkono unaenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde, hiyo ndo wanaiita hezi, na kuna ukubwa, yaani unaenda umbali gani. Mtetemeko wa Pakinson wa mkono uliopumzika mara nyingi unakaa hezi 4 mpaka 6. Upo mwingine wa watu ambao mikono inawacheza wakiwa kazini, wakinyanyua kikombe, wakiandika, na mara nyingi unatembea kwenye ukoo, huo unaweza kuwa popote kati ya 4 na 12. Na mimi na wewe wazima kabisa tukinyoosha mikono tuna mtetemeko mdogo sana ambao jicho haliuoni, kama 8 mpaka 12 hivi. Umeona zinavyopandiana? Ukiniletea 5 peke yake ntakuuliza, 5 ya mkono uliokuwa unafanya nini?

Na hapo ndo barua yako imenifurahisha, maana umeshajibu bila mashine yoyote. Unatetemeka umepumzika, unatulia ukipewa kazi, umeanza upande mmoja. Daktari wa mishipa ya fahamu angeyauliza hayo kabla hajagusa kifaa chochote. Hata hiyo tasbihi isiyokuwepo, vitabu vyao vinaeleza kama mtu anayeviringisha kidonge kwenye vidole, mi naona tasbihi yako imekaa vizuri zaidi. James Parkinson mwenyewe alipoandika habari za ugonjwa huu London mwaka 1817 alieleza watu 6 tu, na kati yao wawili alikutana nao mtaani na mmoja alimwona kwa mbali tu. Macho yalimtosha.

Sasa kihisio cha nini? Ni kwa ajili ya siku kama ile ya foleni. Mtetemeko ni kama mtoto mbele ya wageni, akiwa peke yake anaimba kutwa, ukisema haya imba mjomba akusikie anajificha nyuma ya kanga ya mama. Daktari anamwona mzee dakika mbili kwa miezi mitatu, wewe unakaa nae kila siku. Na kuna jambo la pili, madaktari wana kipimo chao kinaitwa MDS-UPDRS, kilitoka 2008, wanatoa alama 0 mpaka 4. Mkono ulionyooshwa ukicheza chini ya sentimita 1 ni alama 1, ukifika 1 lakini haujafika 3 ni alama 2, kuanzia 3 mpaka chini ya 10 ni alama 3, kuanzia 10 kwenda juu ni 4. Kizuri hicho, kila daktari duniani anakielewa, lakini tazama, anayecheza sentimita 3 na nusu na anayecheza 9 wote wana alama ile ile. Mzee akitoka 9 akashuka mpaka 4 dawa imemsaidia sana, anaweza kunywa supu bila kumwagia shati, na kwenye karatasi bado ni 3. Kihisio tofauti hiyo kinaiona.

Ndani ya simu kipo kichipu, hakizidi punje ya mchele, kinaitwa aksilerometa. Umeshasimama kwenye daladala ya Raskazone dereva akakanyaga breki ukaenda mbele bila kupenda? Ndani ya kichipu kuna kijiuzito cha silikoni kimeshikwa na visprini vidogo mno, basi hicho kijiuzito ndo wewe, na daladala ndo simu. Simu ikisukumwa kijiuzito kinabaki nyuma kidogo, umeme unapima kimesogea kiasi gani, mara mia kwa sekunde au zaidi. Usishtuke ukiiweka simu mezani kimya ikasoma 9.8, huo ni uvutano wa dunia, upo siku zote. Simu nyingi, sio zote zile za bei poa, zina na mwenzake jairoskopu, huyu anapima mzunguko, na mkono wa baba nahisi unazunguka kuliko kwenda mbele na nyuma, kwahiyo jairoskopu kama ipo itamwona vizuri, tena hadanganywi na uvutano.

Apu ipo ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, ni ya wanafunzi wa fizikia sio ya wagonjwa, na ndo naipenda kwa hilo, haikwambii una ugonjwa gani, inakupa data ukae nayo mwenyewe. Ukishaipakua haili bando kurekodi. Ina sehemu inayochambua mtikisiko na kukuonesha kilele, yaani pale grafu inaponyanyuka juu kabisa, kiko hezi ngapi, ni kama mtu mwenye sikio la taarab, vyombo vyote vinapiga pamoja yeye anakwambia huyu ganuni, huyu fidla, huyu dumbaki. Hesabu yenyewe ni ya Mfaransa Joseph Fourier, aliichapisha 1822 akihangaika na namna joto linavyosambaa kwenye vyuma, wala hakuwa anawaza mkono wa mtu.

Namna ya kufanya. Chukua soksi, ikate ncha, mvishe mzee mkononi, chomeka simu upande wa mgongo wa kiganja, ibane isicheze, maana simu ikilegea utapima soksi. Akae kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, dakika moja nzima, na umwambie ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba. Atakasirika, mwache akasirike, akili ikishughulika na hesabu mkono unasahau kujificha na hapo ndo mtetemeko wa kupumzika unatoka. Alaf anyooshe mikono mbele, na hapa usikimbilie kuzima, kuna wenye Pakinson ambao wakinyoosha mkono unatulia kwanza sekunde kadhaa ndo mtetemeko unarudi ukiwa na kasi ile ile ya kupumzika, huyo ukimpima sekunde tano unasema hana kitu. Mpe nusu dakika. Mwisho amimine maji toka glasi moja kwenda nyingine. Kila faili liandike jina la alichofanya, saa ngapi, amekunywa kahawa au la, dawa gani. Faili lisilo na maelezo ni sawa na kanzu isiyo na vipimo.

Sasa mtego wa pili, huu umewapiga hata wasomi. Kilele kikiwa kirefu haimaanishi mkono umeenda mbali. Aksilerometa inapima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika ghafla, na kasi ikizidi mara mbili mchapuko unazidi mara nne. Mkono unaokwenda sentimita 1 kila upande kwa hezi 5 unatoa kama 9.9, karibu sawa na uvutano wa dunia mzima. Mkono unaokwenda robo sentimita kwa hezi 10 unatoa 9.9 hiyo hiyo. Kwahiyo usichukue namba ya baba ukailinganisha na ya mzee wa jirani, wala usilinganishe simu yako na ya dada yako. Baba alinganishwe na baba, simu ile ile, soksi ile ile, kiti kile kile.

Na kihisio hakijui mtetemeko wala ugonjwa, kinajua kutikisika basi. Mimi siku ya kwanza niliijaribu nikasahau kuivua, nikakaa kupepea jiko, jioni nafungua grafu nakuta kilele kizuri kabisa kwenye 4, nikasema innalillahi mjomba nimepatikana, kumbe ni makaa ya mvua yaliyokuwa yanagoma. Kukuna nazi nako kunaonekana, tasbihi ya kweli inaonekana. Na wewe hapo kwenu umakini zaidi, usimpime mzee mkono ukiwa juu ya meza ambayo mwanafunzi wake anashonea, utapima cherehani.

Ukipata data ya wiki mbili, usimpelekee daktari grafu thelathini, hana muda huo. Peleka mbili, na peleka video ya dakika moja ya ule mkono juu ya paja pale barazani. Nakwambia kama fundi niliyekula mshahara wa mashine miaka yote, hiyo video itakusaidia kuliko grafu. Omba rufaa uende hospitali ya mkoa Bombo, na kutoka hapo mkielekezwa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, Muhimbili au KCMC, nendeni. Na umwambie na haya, je mzee anapunguza mwandiko, unakuwa mdogo mdogo? Mkono mmoja haupepei akitembea? Amekuwa mzito kuinuka? Maana Pakinson hasa ni ule uzito na ugumu, wapo wanaougua bila kutetemeka hata kidogo, na wapo wanaotetemeka maisha yao yote na Pakinson hawana.

Kuhusu jini na uzee, siwezi kumgombeza baba yako mdogo. Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walipita nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa 2008, kati ya watu zaidi ya laki moja na sitini elfu wakapata wenye Pakinson 33, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa wamekaa nayo tu ndani.

SWALI: Mjomba ni mimi tena, Mtoto wa Fundi. Tulienda, video ilifanya kazi kama ulivyosema, daktari aliiangalia mara tatu. Wamesema ni Pakinson kweli, wameanza levodopa, kidonge asubuhi mchana na jioni. Nimeendelea na soksi. Kabla ya kidonge kilele kiko hapo kwenye 5, saa moja baada ya kidonge kinashuka sana, siku zingine kinakaribia kulala kabisa. Tatizo kuna siku hakishuki. Kidonge kile kile, saa ile ile, mkono unacheza kama hajameza kitu. Nikajua vidonge feki. Nikaenda kugombana duka la dawa, nikaonesha grafu, wakanicheka. Mama ndo akaangalia daftari langu akasema mbona hizo siku zote ni za maharage, au supu ya samaki asubuhi. Hizo zingine alikunywa chai na mihogo. Inawezekana? Na pia baba anasema lazima afunge Ramadhani.

JIBU: Mama yako ndo angestahili kuandika safu hii, mi nirudi kutengeneza redio.

Inawezekana kabisa. Levodopa inafanana na vipande vya protini, na inapita mlango ule ule kutoka kwenye utumbo kuingia damuni, na mlango ule ule tena kutoka damuni kuingia kwenye ubongo. Mzee akimeza kidonge na sahani ya maharage, mlangoni kuna msongamano kama kivuko siku ya sikukuu, kidonge kinabaki nje. Ndo maana wengi wanaelekezwa kumeza nusu saa kabla ya kula, na chakula kizito cha protini kisogezwe usiku. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vinaivuruga. Ila usimnyime samaki mzee wa Tanga kabisa, atakonda na protini anaihitaji, mzungumze na daktari mpange saa tu. Na muombe radhi mwenye duka.

Unaona sasa kazi ya kihisio iko wapi? Hakikukwambia Pakinson, daktari ndo kasema. Hakikukwambia maharage, mama ndo kasema. Chenyewe kilikuwa kinaandika tu kila siku bila kuchoka na bila kusahau, na daftari lenu likawa pembeni yake. Grafu bila daftari ingekupeleka kugombana maduka yote ya barabara ya 12.

Ila nikuonye, usiangalie mkono peke yake. Mtetemeko una ubishi, kuna watu dawa inawalainisha viungo, wanaamka kitandani wenyewe, wanafunga vifungo vya shati, na mkono bado unacheza. Ukiangalia kilele tu utasema dawa haifanyi kazi na mzee kwenye cherehani kaongeza kanzu mbili kwa wiki. Pima na hilo, ataka sekunde ngapi kufunga vifungo vya kanzu. Au agonge vidole viwili kwa kupokezana kwenye skrini ya simu, uhesabu kwa nusu dakika. Marekani 2015 walitoa apu ya utafiti ya iPhone inaitwa mPower, watu maelfu wakajiunga kujipima, na hicho cha kugonga skrini kilikuwa kimojawapo, pamoja na sauti na kutembea.

Ramadhani. Hili usiamue wewe wala mimi wala baba peke yake. Hizi dawa ni za kugawanya mchana kutwa, na kuziacha ghafla ni hatari, mtu anaweza kukakamaa mwili mzima na kupata homa kali ya kumlaza hospitali. Nendeni mapema kwa daktari, Shaabani haijaisha, aseme kama zinaweza kupangwa upya au mzee asifunge alishe masikini. Muulizeni na shehe, nadhani atawaambia hilo hilo.

SWALI: Mjomba habari za leo. Niko Bagamoyo, Dunda, nina miaka 34, kazi yangu ni kupaka piko na hina maharusi. Mikono yangu yote miwili inatetemeka nikishika kitu, mama alikuwa hivo, bibi hivo hivo, lakini mwaka huu imezidi mpaka bi harusi mmoja aliniangalia usoni nikaona haya. Nikiwa nimekaa tu haitetemeki. Nina pumu natumia pampu ya bluu, siku za vumbi hata mara sita. Kuna kaka anauza saa ya mkononi elfu themanini anasema inapima mtetemeko na kuutibu. Ninunue? Au ndo nna hiyo Pakinson?

JIBU: Dada yangu, usinunue. Saa hizo ndani zina aksilerometa kweli, ya kuhesabia hatua, lakini nyingi hazikupi ile data yenyewe, zinakupa picha ya moyo na namba ya hatua basi. Na kupima sio kutibu, mizani haijawahi kumkondesha mtu.

Ulivyojieleza, mikono yote miwili, ukiwa kazini tu, mama na bibi wanayo, hiyo inafanana zaidi na ule mtetemeko wa ukoo niliousema juu kuliko Pakinson. Lakini kuna kitu umekitaja kwa kupita tu ambacho mimi kimenishtua, pampu mara sita. Dawa iliyomo kwenye ile pampu ya bluu, salbutamo, yenyewe inatetemesha mikono, hata ya mtu mzima wa afya. Kwahiyo unaweza kuwa na mkono wa bibi na juu yake mkono wa pampu. Hapa simu yako ya bure inakufaa, nyoosha mkono, rekodi dakika moja kabla ya pampu, rekodi tena robo saa baada, fanya siku tatu nne. Kama kilele kinaruka kila baada ya pampu umeshapata pa kuanzia na daktari. Usiache pampu kwa sababu ya safu ya gazeti, pumu inaua. Ila mtu anayehitaji pampu ya bluu mara sita kwa siku pumu yake haijadhibitiwa, na zipo pampu zingine za kutuliza kila siku, nenda ukalalamikie pumu kwanza, mkono utafuata.

Na ukifika huko, sema una pumu kabla hawajaandika chochote. Dawa inayotumika sana kwa mtetemeko wa ukoo ni propranolo, nzuri, ya zamani, bei ndogo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua vibaya. Waombe pia wapime tezi ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, unakonda huku unakula.

Kuna na jaribio la mezani, hili kwa kazi yako utalipenda. Chora mzunguko wa konokono, unaanzia katikati unatoka nje, mkono usiegemee meza, kila Ijumaa karatasi moja, weka tarehe. Madaktari wanalitumia siku nyingi tu na halihitaji chaji. Alaf kwa simu, pima mkono ukiwa mtupu na ukiwa umefungiwa kama nusu kilo ya mchele kwenye kiganja. Mtetemeko wa kawaida ulioongezwa na dawa au wasiwasi ukiuwekea uzito kasi yake inashuka, ule wa ukoo kasi yake inatoka kwenye ubongo, haujali sana uzito. Sio uthibitisho, lakini mpelekee daktari karatasi zote mbili.

Bi harusi aliyekuangalia usoni, mwambie maua ya kutetemeka ndo fasheni. Natania.

SWALI: Huku Muheza wanasema mbegu za upupu zinatibu Pakinson, mama mkwe wangu ameshachuma gunia. Ni kweli au wanatufanya wajinga?

JIBU: Sio ujinga. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, ile ile ya vidonge, na watafiti wamezifanyia majaribio kwa wagonjwa. Shida ni kipimo. Kidonge kinajulikana kina miligramu ngapi, mbegu ya shamba hili na ya shamba lile hazilingani, iliyokaangwa na iliyochemshwa hazilingani. Akila huku anameza vidonge anajizidishia, atatapika, presha itashuka akisimama, ataanza kujinyonganyonga mwili bila kupenda, au kuona watu ambao hawapo alaf mrudi kwenye habari za majini. Gunia liwekeni kwanza, mama apelekwe kwa daktari na aseme wazi kwamba upupu upo nyumbani, asifiche. Na aliyechuma anawe vizuri, vile vinyoya sina haja ya kukwambia.

SWALI: Mjomba saa yangu jana imesema nimetembea hatua elfu tisa na nilikuwa bodaboda kutwa nzima Kange. Niishtaki?

JIBU: Hapana, lipa matengenezo ya barabara.

SWALI: Mheshimiwa Mjomba Fundi. Mimi ndiye baba mwenyewe wa hiyo barabara ya 12. Namshukuru mwanangu na wewe pia. Lakini naomba kuuliza, hii soksi mpaka lini? Asubuhi soksi, adhuhuri soksi, nikikaa na wazee wenzangu barazani anakuja na soksi, ananiambia hesabu saba saba mbele ya watu. Kahawa inapoa. Wenzangu wameanza kuniita goli kipa. Mkono wangu naujua, sihitaji niambiwe kila saa kwamba unatetemeka.

JIBU: Shikamoo kaka. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini, nisamehe.

Una haki. Kosa ni langu, nilimwambia kijana namna ya kupima sikumwambia lini aache. Mkono haubadiliki kwa saa, kinachobadilika kwa saa ni dawa na chakula, na hiyo mmeshaijua. Sasa siku tatu mfululizo kabla ya kliniki zinatosha, mara mbili kwa siku, kabla ya kidonge na saa moja baada yake, na kama daktari amebadilisha dozi siku zingine tatu. Katikati hapo kaa na mkono wako. Na ifanyike ndani, sio barazani.

Wewe kijana umesikia. Soksi irudi kabatini, mpaka tarehe ya kliniki ibaki siku tatu. Ila daftari usiache, saa ya kidonge na alichokula, hiyo unaweza kuandika ukiwa umekaa kimya pembeni bila mzee kujua. Na kwa zile saba saba, mpe nyingine, atakuwa ameshazikariri, na akizikariri hazifanyi kazi tena. Mwambie ataje wateja wote waliokopa kanzu na hawajalipa.